Kusoma riwaya ya kutisha yenye mizimu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikisoma riwaya za kutisha pamoja na kikundi kidogo cha wasomaji jijini Mbeya. Tunakutana Jumamosi alasiri, na baadhi yetu hutoka Tukuyu, Vwawa na hata Makambako ili tu kuzungumzia sura tatu au nne. Maswali yafuatayo ndiyo ambayo karibu kila mgeni hutuuliza, na mengine huyauliza mwenyeji akiwa peke yake, kwa sauti ya chini, wakati wenzake wameshatoka. Nimeyajibu kadiri ninavyoelewa, na pale ambapo nina msimamo nimeusema wazi.

Ni riwaya ipi hasa inayostahili kuitwa riwaya ya kutisha yenye mizimu?

Ni riwaya ambayo dunia yake inafanana na hii yetu, yenye nauli za daladala, ada za shule na majirani wenye maneno, kisha ndani yake kinaingia kitu kimoja ambacho kwa kawaida ya dunia hiyo hakipaswi kuwapo. Hofu huzaliwa pale mambo hayo mawili yanapokutana, na ndiyo maana si kila kitabu chenye mzimu kwenye jalada ni cha aina hii. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, ina neno hilo katika jina lake, lakini ni riwaya ya upelelezi, ambamo Bwana Msa anafuata dalili moja baada ya nyingine mpaka anaufikia mkono wa binadamu. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert ina majini na ina ndugu wawili waliogeuzwa manyani, lakini humo maajabu yanatumikia mafunzo ya uadilifu, wala hayamfanyi msomaji ainue macho kutazama kama mlango umekomewa. Vitabu vyote viwili ninavipenda, ila mtu akivifungua kwa kutafuta woga atavilaumu bure.

Mzimu, mzuka, jini, pepo na msukule vinatofautianaje, na je, tofauti hiyo inamhusu msomaji?

Inamhusu sana, na hapa ndipo Kiswahili kinapotupa utajiri ambao wengi hatuutumii. Mzimu ni roho ya aliyekufa, hasa ya mhenga, na neno hilohilo hutumika kwa mahali pa kutambikia. Kwa hiyo mzimu una ukoo, una madai, na mara nyingi una haki ya kudai. Mzuka huzuka na kutoweka, na anayeuona hajui ulitoka wapi. Jini si mtu aliyekufa: ni kiumbe chenye maisha yake, na huweza hata kuwa na dini yake. Pepo humpanda mtu na kusema kwa kinywa chake. Msukule ni mtu ambaye nduguze wamemzika na kumlilia, huku ikiaminika kwamba kilichozikwa si mwili wake na kwamba yeye bado anatumikishwa usiku katika shamba la mtu. Chunusi hukaa majini na kuwavuta waogeleaji.

Mumiani anahitaji maneno zaidi, kwa sababu wasomaji wengi humfananisha moja kwa moja na mnyonya damu wa riwaya za Ulaya. Wakati wa ukoloni ilisemekana katika miji ya Afrika Mashariki kwamba kuna watu wanaokamatwa na kukamuliwa damu, damu hiyo ikatengenezewe dawa, na mara nyingi walioshukiwa ni wazima moto. Mnyonya damu wa Ulaya anakunywa damu kwa kiu yake mwenyewe, ni bwana mkubwa wa kale anayeishi peke yake katika kasri. Mumiani anaichukua kwa kazi, akiwa na gari, sare na bosi wake. Hofu ya kwanza inahusu mtu mmoja mwovu, na ya pili inahusu mamlaka nzima inayokuja usiku bila kueleza. Mfasiri akiandika neno moja tu kwa viumbe hawa wote, msomaji ananyang'anywa swali ambalo angepaswa kulibeba tangu ukurasa wa kwanza, yaani: kitu hiki kinataka nini, na kwa nani?

Hapa kwetu watu wengi wanaamini kwamba mambo haya yapo. Je, kwao hiyo bado ni riwaya?

Ndiyo, na nadhani msomaji wa Nyanda za Juu Kusini ana nafasi nzuri kuliko anavyodhani. Riwaya haikutaki uamini. Inakutaka ukubali kwa saa chache kwamba katika nyumba ile, kwa familia ile, jambo hili limetokea. Asiyeamini kabisa analazimika kujenga uzito wa jambo hilo kichwani mwake kuanzia sifuri. Aliyekulia mahali ambapo bibi alikataza kuitika jina mara ya kwanza linapoitwa gizani ana uzito huo tayari, hata kama leo ni mhasibu na hakubali neno hata moja la bibi.

Tena imani za kwetu zina sura ambayo riwaya nyingi nilizosoma hazijaifikia. Watafiti Godfrey na Monica Wilson, waliokaa na Wanyakyusa wa Rungwe miaka ya 1930, waliandika juu ya imani kwamba mchawi ana chatu tumboni, na pia juu ya ile iliyoitwa pumzi ya watu: wanakijiji wakimkasirikia mtu aliyekosa, kwa mfano aliyewadharau wazazi, manung'uniko yao humfikia kama ubaridi unaomwingia mwilini na kumuuguza. Fikiri jinsi hilo linavyogeuza mambo. Kinachokujia usiku hakitoki kaburini wala msituni; kinatoka kwa majirani zako wenye haki, waliokaa kuzunguka moto wakikutaja. Natamani sana kuisoma riwaya ndefu ya Kiswahili iliyojengwa juu ya pumzi hiyo, na kila kijana anayeniambia anataka kuandika huwa namsimulia habari hii kabla hajanionyesha hadithi yake.

Je, kusoma vitabu hivi ni dhambi, au kunawafungulia mapepo mlango?

Siwezi kujibu kwa niaba ya dini ya mtu, na anayesumbuliwa na swali hili azungumze na kiongozi wake wa dini akiwa na kitabu chenyewe mkononi, asipeleke jalada tu. Ninaloweza kusema ni kwamba riwaya nyingi za aina hii zinasimama juu ya msingi kwamba uovu upo na unapaswa kupingwa. Katika Dracula ya Bram Stoker, iliyotoka mwaka 1897, silaha za wanaompinga mnyonya damu ni pamoja na msalaba. Mama mmoja mzee wa Uyole, mwimbaji wa kwaya, aliniambia siku yake ya kwanza: "Mwanangu, mimi nakisoma hiki, lakini nikihisi moyo umekataa nitakirudisha." Nilimjibu, "Ndiyo, mama, na hakuna atakayekuuliza sababu." Alikimaliza. Angekirudisha ningemheshimu vilevile, kwa sababu moyo wa msomaji ukishakataa, kinachobaki ni kujilazimisha, na huko hakuna usomaji.

Nianze na kitabu gani?

Anza na kifupi, chenye nyumba moja, wahusika wachache na msimulizi wa nafsi ya kwanza, kwa sababu msimulizi huyo anakuzidi kujua kidogo tu na mtatembea pamoja gizani. Anza pia na lugha ambayo ndani yake unaogopa. Wasomaji wetu kadhaa husoma Kiingereza vizuri sana kazini, lakini woga wao uko katika Kiswahili au katika lugha ya nyumbani, na sentensi ya kutisha wanayopaswa kuitafsiri kwanza kichwani huwafikia ikiwa imepoa. Mirathi ya Hatari ya C. G. Mung'ong'o, ya mwaka 1977, inayohusu kijana anayerithishwa uchawi na baba yake, ni mahali pazuri pa kuanzia, maana swali lake linaeleweka papo hapo: utakataaje urithi ambao umeshawekwa mikononi mwako?

Anayetaka kazi ya kigeni ajue kwamba Dracula imesimuliwa kwa shajara na barua, na kwa hiyo inasomeka vipande vipande bila kupotea njia. Mandhari yake pia si ya mbali kama watu wanavyodhani. Tulipofika pale mhusika wake Jonathan Harker anapopelekwa usiku kwa gari la farasi kwenye njia ya milimani, mimi nilikuwa najitahidi kuwaza Ulaya, lakini dada mmoja kutoka Makete alifunga kitabu akasema, "Hii ni Kitulo mwezi wa saba, ukungu ukishashuka na konda ameacha kuongea." Tangu siku hiyo sijaweza kuisoma sehemu ile kwa namna nyingine.

Nisome wakati gani, na mahali gani?

Usiku, kwa sababu giza linafanya nusu ya kazi, lakini usisome ukiwa umechoka, maana mtu aliyechoka huruka mistari na mistari hiyo ndiyo yenye kitabu. Kwetu jua la Juni huzama yapata saa kumi na mbili na nusu jioni, na mtu anayemaliza shughuli zake mapema ana saa mbili nzuri kabla ya kulala. Mvua juu ya bati inasaidia kwa namna ambayo watu wa nyumba za dari nene hawaijui: inafunika sauti zote ndogo za nyumba, kisha inapokatika ghafla unazisikia zote kwa pamoja. Umeme ukikatika, usiharakishe kuwasha tochi ya simu. Mshumaa mmoja au kandili inakupa ukurasa na kuacha chumba kilichobaki kwa mwandishi.

Jambo moja katika swali hili ni la uhai na kifo. Usiku wa Juni na Julai joto la Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na Njombe na Makete baridi ni kali, hivyo watu huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Usifanye hivyo hata kwa sura moja. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na mtu hulala usingizi asiouamka. Hewa hiyohiyo ina nafasi katika historia ya nyumba zenye mizimu. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, alichapisha habari za familia iliyohamia katika nyumba kuukuu na kuanza kuumwa vichwa, kusikia hatua za miguu na kuona watu wasiokuwapo. Mwishowe ikagundulika kwamba tanuru la kupashia nyumba joto lilikuwa bovu, likimwaga hewa chafu ndani badala ya kuipeleka nje. Jifunike blanketi mbili, uvae soksi, uache jiko nje.

Nimesoma kurasa 50 na hakuna kilichotokea. Je, niruke mbele?

Tafadhali usiruke. Hili ndilo swali ninalolijali kuliko yote katika orodha hii, kwa sababu wengi wanaosema hawapendi riwaya za kutisha kwa kweli hawajawahi kuisoma hata moja. Wameruka kwenda kwa mzimu, wakamkuta amesimama katika nyumba wasiyoifahamu, mbele ya watu wasiowajali, wakashangaa kwamba hawakuogopa.

Nitatumia mfano wa hadithi ambayo mwenzetu mmoja anaiandika na ametusomea mara kadhaa. Bibi mmoja anaishi na mjukuu wake kijijini, na kila jioni anapakua sahani mbili na bakuli moja dogo la bati lenye ufa kwenye ukingo. Bakuli hilo huwekwa karibu na kizingiti likiwa na ugali kidogo na majani ya maboga. Mwandishi anataja bakuli mara moja tu, katikati ya maelezo ya kuni mbichi zinazotoa moshi, na mjukuu anadhani ni la paka. Sura nzima inapita ikizungumzia mbolea ya ruzuku, ugomvi wa mpaka wa shamba na barua kutoka kwa mama aliyeko Dar es Salaam. Halafu, katika sura ya nne, mjukuu anaosha vyombo asubuhi, anahesabu, na mwandishi anaandika tu kwamba bakuli la bati lilikuwa limeshaoshwa na kufunikwa kifudifudi, maji bado yanachuruzika kwenye ufa. Sentensi inayofuata inasema kwamba paka alikufa msimu wa mvua uliopita.

Siku tuliposomewa sehemu hiyo hakuna aliyepiga kelele. Watu wawili walisogeza viti vyao kutoka mlangoni. Mzimu hakuonekana, wala hakutajwa, lakini sentensi ile ilifanya kazi kwa sababu tulikuwa tumekaa katika jiko lile kwa kurasa 30, tukijua kila chombo kinakaa wapi na nani huamka wa kwanza. Msomaji aliyeruka ugomvi wa mpaka na barua ya mama angesoma habari za bakuli safi na asijue kwa nini limwogopeshe.

Kwa hiyo kurasa zile ambazo unaona hazina kitu zisome kwa uangalifu zaidi ya nyingine. Angalia kitu gani cha kawaida kimetajwa mara mbili. Angalia nani haulizwi swali ambalo wote wanaulizwa. Angalia mlango upi umeelezwa rangi yake. Mimi huweka karatasi ndani ya kitabu na kuandika vitu hivyo kwa penseli, neno moja moja, bila maelezo: bakuli, kizingiti, paka.

Kwa nini nilikuwa naogopa sana, lakini kiumbe kilipoonekana woga ukaniisha?

Kwa sababu kuna hofu za aina mbili. Mwandishi wa Uingereza Ann Radcliffe, katika makala iliyochapishwa mwaka 1826 baada ya kifo chake, alizitenganisha: moja huikunjua nafsi na kuziamsha fahamu zote, na nyingine huigandisha. Ya kwanza inatokana na kile kisichoonekana vizuri, ndiyo taharuki tuliyofundishwa shuleni. Ya pili huja pale kitu kinapofunuliwa chote, pamoja na damu na meno yake, na mara nyingi inachanganyika na kinyaa. Mwandishi anayefunua mapema anaitumia ya pili na kuipoteza ya kwanza, na hawezi kuirudisha.

Nitajuaje kama riwaya ni nzuri?

Mimi huangalia kwanza kama inatii kanuni zake yenyewe. Ikiwa imesema katika sura ya pili kwamba kiumbe hiki hakivuki maji, basi kisivuke katika sura ya ishirini kwa sababu tu mwandishi anahitaji mtu afe. Mambo yasiyowezekana yanahitaji utaratibu mkali kuliko yanayowezekana, maana msomaji hana kitu kingine cha kushika. Kisha huangalia gharama. Katika riwaya dhaifu mganga au mchungaji anafika, anasema maneno, na kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa. Katika riwaya nzuri hata anayeokoka ameacha kitu nyuma, pengine ndoa, pengine ardhi, pengine uwezo wa kulala taa ikiwa imezimwa. La tatu ni lugha. Ukiona "ghafla" mara nne katika ukurasa mmoja, mwandishi anajaribu kukushtua kwa neno kwa sababu tukio halikushtui.

Na simulizi zinazotumwa sehemu kwa sehemu kwenye simu, nazo ni za kusoma?

Ni za kusoma, na ninawaheshimu wanaoziandika, kwa sababu wamewafanya vijana wengi wasome Kiswahili kila siku. Nguvu yao ni mazungumzo: watu wao huongea kama watu wa Mwanjelwa wanavyoongea. Udhaifu wao unatokana na namna zinavyouzwa. Kila sehemu lazima iishie kileleni ili msomaji alipie inayofuata, kwa hiyo hakuna nafasi ya bakuli la bati. Kila baada ya ukurasa mmoja mtu lazima afufuke, na kufikia sehemu ya 40 msomaji ameshafufuliwa watu wengi mno. Ushauri wangu ni kusubiri mpaka sehemu 10 zikusanyike, kisha kuzisoma kwa mkao mmoja. Na ulipie. Anayekusanya kazi ya mwenzake na kuisambaza bure anamnyima yule mwandishi muda wa kuandika vizuri zaidi.

Kuhusu vitabu vyenyewe, maktaba ya mkoa, iwe Mbeya au Iringa, ndiyo mahali pa kwanza pa kuuliza, na wauzaji wa vitabu vya mitumba ni mahali pa pili.

Nikisoma usiku ninakabwa na jinamizi. Je, kitabu ndicho kinacholeta?

Kitabu kinaweza kulipa jinamizi sura, lakini hakiliumbi. Katika hatua ya usingizi ambayo tunaota sana, mwili hulegezwa misuli ili tusitende tunayoyaota, na mara nyingine akili huamka kabla mwili haujaachiwa. Mtu anakuwa macho, anaona chumba chake, hawezi kusogea wala kupaza sauti, anahisi uzito kifuani, na mara nyingi anahisi kwamba kuna mtu. Hali hiyo hupita ndani ya muda mfupi. Hutokea zaidi kwa anayelala chali na kwa aliyenyimwa usingizi, kwa hiyo anayekesha na riwaya hadi saa nane usiku siku tano mfululizo ameitengenezea njia. Lala ubavu, funga kitabu saa nne, na kama hali inajirudia mara kwa mara mwone daktari.

Mtoto wangu anataka kusoma. Nimruhusu?

Soma wewe kwanza, kisha mpe, kisha kaa naye. Mtoto aliyesimuliwa hadithi za mazimwi ameshaanza zamani. Kinachomdhuru ni kuachwa peke yake na kitabu cha watu wazima chenye mateso na damu ya bure.

Je, riwaya hizi hazichochei watu kuwatuhumu wazee na majirani kwa uchawi?

Swali hili lisiulizwe kwa wepesi, na sitaki kulijibu kwa wepesi. Nchi hii imeshuhudia watu wenye ualbino wakishambuliwa na kuuawa kwa sababu ya imani za kishirikina, na vikongwe wakiuawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, wekundu ulioletwa na miaka mingi ya kupuliza moto wa kuni. Mtu anayesoma au kuandika hadithi za uchawi katika nchi hiyo ana wajibu.

Kwa maoni yangu tofauti iko katika namna mwandishi anavyomtumia mzee. Kuna riwaya ambamo bibi mwenye mgongo uliopinda ni mchawi kwa sababu tu ni bibi mwenye mgongo uliopinda, na mwishoni umati unampiga na msomaji anatakiwa kufurahi. Riwaya ya namna hiyo naikataa, hata kama imeandikwa kwa ustadi, na katika kikundi chetu tumewahi kuiacha moja katikati kwa kura. Na kuna riwaya inayokufanya ukae ndani ya kichwa cha anayetuhumiwa, usikie mawe ya kwanza yakigonga bati, utambue sauti ya mtu uliyemnyonyesha miongoni mwa wanaopiga kelele nje. Hiyo nayo ni riwaya ya kutisha, na woga wake ni wa kweli zaidi. Ukisoma, jiulize kila mara mwandishi amekuweka upande gani wa mlango.

Je, inafaa kusoma kwa sauti kwa kikundi?

Inafaa sana, mradi msomaji awe mmoja kwa kila sura na asiigize. Sauti ya kawaida, ile ya mtu anayesoma barua iliyotoka kwa ndugu, inatisha kuliko sauti ya kunguruma. Anyamaze kidogo baada ya aya, sio kabla ya neno la kutisha, kwa sababu watu wakimwona anajiandaa nao watajiandaa. Sura moja isizidi nusu saa, na chai iletwe baada ya sura kwisha, maana mlio wa vikombe unavunja kila kitu.

Riwaya imekwisha na sijui kama mzimu ulikuwapo kweli. Je, nimesoma vibaya?

Huenda umesoma vizuri kabisa. Kuna kazi zilizojengwa ili swali hilo lisijibiwe. The Turn of the Screw ya Henry James, iliyotoka mwaka 1898, inamhusu mlezi wa watoto wawili anayewaona watu waliokufa katika nyumba ya mashambani, na kwa zaidi ya miaka 100 wasomaji wamebishana kama mizimu ile ilikuwapo au ilikuwa katika akili ya mlezi peke yake. Mwandishi ameipima kila sentensi ili iweze kubeba maana zote mbili. Ukimaliza kitabu cha namna hiyo, rudi kwenye sura ya kwanza siku hiyohiyo, kabla hujamsikiliza mtu yeyote, na uangalie ni nani mwingine, mbali na msimulizi, anayesema kwa kinywa chake kwamba ameona.

Mwenzetu anayeandika habari za bakuli la bati alituletea miisho miwili mwezi uliopita. Katika wa kwanza tunamwona anayekula. Katika wa pili bibi anafariki, mjukuu anaondoka kwenda Dar es Salaam kwa mama yake, na jioni ya kwanza kule, mama anapakua chakula, anakwenda kabatini na kutoa chombo kidogo kilichofungwa kwa gazeti. Tulibishana mpaka mlinzi akaja kufunga ukumbi, na tulipokuwa tukishuka ngazi yule mama wa kwaya aliuliza kama kwenye ule mwisho wa pili chombo kina ufa. Mwandishi alisema bado hajaamua.